Shule Ndogo za Mkataba Marekani: Nani Abebe Hasara ya Hesabu?

Katika mwaka 1991 yalitukia mambo mawili, moja hapa kwetu Afrika ya Mashariki na la pili mbali kabisa, katika jimbo la Minnesota huko Marekani, na wakati ule hapana mtu ambaye angedhani kuwa siku moja yatakutana. Mwezi wa Januari serikali ya Siad Barre iliangushwa Mogadishu, na watu wa Somalia wakaanza kukimbia kwa maelfu, wakavuka mpaka kuingia Kenya, ambako kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka huo huo. Katikati ya mwaka baraza la kutunga sheria la Minnesota lilipitisha sheria ambayo haikuwahi kuwako popote Marekani, ya kuruhusu shule za umma ziendeshwe kwa mkataba, nje ya mamlaka ya wilaya za elimu. Leo mambo hayo mawili yamekutana katika darasa moja. Watoto na wajukuu wa watu waliopita Dadaab na Kakuma, ambao baadhi ya wazee wao bado husema Kiswahili walichokiokota kambini, huketi katika madawati ya shule ndogo za mkataba za Minneapolis na St. Paul; na idadi yao katika daftari ndiyo inayoamua kama mwalimu wao atakuwa na kazi mwakani.

Twalichambua jambo hili leo kwa kuwa habari za shule hizi hufika huku zikiwa nusu. Wanaozisifu hutuletea sifa tupu, na wanaozilaumu hutuletea lawama tupu, wala hapana anayekaa na msomaji kumwonyesha jinsi shule yenyewe inavyokwenda: watoto wangapi, walimu wangapi, fedha zatoka wapi, na nani hufukuzwa hesabu inapopungua. Mfanyakazi ana haki ya kulifahamu jambo la mfanyakazi mwenziwe, hata akiwa ng'ambo ya bahari.

Kwanza yafaa kueleza shule ya mkataba ni kitu gani, maana wengi huidhania kuwa ni shule ya mtu binafsi. Sivyo. Ni shule ya umma, haitozi ada, na haina ruhusa ya kumchagua mtoto kwa mtihani. Wakitokea watoto wengi kuliko nafasi, hupigwa kura. Lakini haiendeshwi na wilaya. Ina halmashauri yake yenyewe, ambayo hufanya mkataba wa miaka kadhaa na mdhamini aliyeruhusiwa na jimbo, na ndani ya mkataba huo huahidi kwamba watoto watafika kiwango fulani cha elimu na fedha zitatunzwa. Isipotimiza hufungwa. Sheria ya Minnesota ya mwaka 1991 iliruhusu shule nane tu. Ya kwanza, City Academy ya St. Paul, ilifunguliwa mwaka 1992, na mwaka huo huo jimbo la California likafuata kwa sheria yake. Kufikia mwaka 2021 shule za namna hii katika Marekani nzima zilikuwa zimekaribia 7,800, zenye wanafunzi milioni 3.7, ambao ni kama 7 katika kila 100 ya wanafunzi wote wa shule za umma. Mwaka 2010 walikuwa milioni 1.8.

Jambo ambalo husahauliwa, na kusahauliwa kwake si kwa bahati, ni kwamba fikra hii ilipata nguvu kutoka kwa kiongozi wa wafanyakazi. Mwaka 1988 Albert Shanker, rais wa shirikisho la vyama vya walimu Marekani, alisimama Washington akapendekeza walimu wapewe nafasi ya kuunda shule ndogo zao wenyewe, wajaribu njia mpya za kufundisha bila kuingiliwa na makarani wa wilaya, na chama chao kikiwamo ndani. Neno la mkataba alilichukua kwa msomi mmoja wa Massachusetts, Ray Budde. Sheria ya kwanza ya Minnesota ilibakiza alama ya fikra hiyo, kwani iliagiza walimu wawe wengi katika halmashauri ya shule. Lakini Shanker mwenyewe hakukaa miaka mingi kabla ya kuona kuwa chombo alichokichonga kimetiwa nahodha mwingine, akageuka kukipinga, akafariki mwaka 1997. Na Minnesota nayo, katika mwaka 2009, iliondoa ile amri ya walimu kuwa wengi. Ikatosha kuwamo mwalimu mmoja.

Sasa na tuingie ndani ya shule yenyewe. Tuchukue mfano wa shule ndogo ya msingi, ya chekechea mpaka darasa la tano. Hiyo ni madarasa sita. Tuseme kila darasa lina watoto 25. Jumla ni watoto 150. Na ili hesabu iwe nyepesi, tuseme kila mtoto huja na dola 10,000 kutoka serikalini kwa mwaka. Shule ina dola milioni moja na nusu. Kwa mtu wa kwetu ni mali nyingi. Kwa shule ya Marekani, yenye kodi ya nyumba, mafuta ya kupasha moto wakati wa theluji, basi la kubeba watoto, bima, na mishahara, ni fedha za kukaba.

Mwaka unapoanza, watoto 12 hawakurudi. Baba mmoja amepata kazi mji mwingine, mama mwingine amehama nyumba kwa kushindwa kodi, wa tatu amesikia kuwa shule ya jirani ina uwanja mzuri zaidi. Watoto hao 12 hawakutoka darasa moja, wametoka wawili wawili katika kila darasa. Kwa hiyo madarasa ni sita kama jana, kila moja likiwa na watoto 23 badala ya 25. Walimu sita wangali wanahitajika. Paa ni lile lile, basi ni lile lile na dereva ni yule yule. Lakini dola 120,000 zimeondoka, nazo ni mishahara ya walimu wawili.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Fedha hupungua kwa mtoto mmoja mmoja, bali gharama hazipungui hivyo. Hupungua kwa mwalimu mzima, au kwa darasa zima, au kwa shule nzima. Wilaya kubwa yenye shule 50 huweza kumhamisha mwalimu kutoka shule iliyopungukiwa kumpeleka iliyozidiwa. Shule ndogo inayojitegemea haina pa kumpeleka. Tena katika Minnesota shule ya mkataba haina mamlaka ya kuwatoza wakazi kodi, kama wilaya zinavyofanya kwa kuwapigia kura wananchi; nyingi hupanga majengo, na jimbo huwapa msaada wa kodi hiyo, nao pia huhesabiwa kwa kichwa cha mtoto. Mtoto akitoka mwezi wa Januari, fedha zake humfuata, kwani jimbo hilo huhesabu wastani wa mwaka mzima. Michigan sehemu kubwa ya fedha hukatwa kwa hesabu ya siku moja ya Oktoba, na siku hiyo kila mtoto anayeamka na kikohozi huwa ni jambo la halmashauri.

Ndiyo sababu katika shule hizi uandikishaji umekuwa kazi ya mwaka mzima, na aghalabu kazi ya mwalimu. Wakati wa likizo ya kiangazi, mwalimu wa shule ya wilaya anapopumzika au kusoma, mwenziwe wa shule ya mkataba huweza kutumwa na karatasi za matangazo kubisha hodi katika majumba ya kupanga, kusimama nje ya msikiti au kanisa, na kuwaeleza wazazi kuwa nafasi zipo. Hatuoni aibu katika mwalimu kumtafuta mwanafunzi. Tuonalo ni kwamba ameongezewa kazi ya mchuuzi, na mshahara wake umetegemezwa juu ya uchuuzi huo.

Kuhusu idadi ya walimu, yampasa msomaji awe mwangalifu na takwimu. Shule yetu ya watoto 150 huenda ikaandika kuwa ina walimu 12, na mgeni akigawanya ataona mwalimu mmoja kwa watoto 12 au 13, aseme hii ni pepo. Lakini hesabu hiyo huwachanganya wote. Sita ni wa madarasa. Wawili huwafundisha Kiingereza watoto ambao nyumbani husema lugha nyingine. Wawili ni wa watoto wenye ulemavu, ambao sheria ya Marekani tangu mwaka 1975 imewapa haki ya elimu inayowafaa. Mmoja hushughulikia wasiojua kusoma vizuri, na mmoja hufundisha michezo na sanaa. Mtoto wa kawaida asubuhi yake yote yuko katika chumba chenye watoto 25 na mwalimu mmoja. Na hao wataalamu hawawezi kupunguzwa kwa kuwa watoto wamepungua: mtoto mmoja asiyesikia anahitaji mtu wake kama vile wanavyohitaji kumi. Shule ndogo humpata mtaalamu huyo kwa kumwajiri nusu siku, au kwa kumkodi, au, pale wasimamizi wanapokosa haya, kwa kumshauri mzazi kwa upole kuwa mtoto wake angefaidi zaidi penginepo. Ofisi ya ukaguzi ya Baraza la Congress ilitoa taarifa mwaka 2012 ikaonyesha kuwa katika mwaka wa masomo 2009–10 watoto wenye ulemavu walikuwa asilimia 11 katika shule za kawaida na asilimia 8 katika shule za mkataba. Sababu zake ni nyingi, na si zote mbaya. Lakini tofauti yenyewe ilikuwapo.

Mwalimu mkuu wa shule kama hii ndiye mhasibu, ndiye mwandishi wa ripoti kwa mdhamini, na siku mwalimu akiugua ndiye mwenye kushika chaki. Mwalimu wa kawaida huwa kijana, ana miaka michache kazini, mshahara wake aghalabu ni mdogo kuliko wa mwenziwe wa wilaya, na mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja. Minnesota yadai awe na cheti cha ualimu. Majimbo mengine hayadai hata hicho, na Arizona ni mojawapo. Katika shule za mkataba za Marekani nzima, zenye chama cha wafanyakazi ni kama moja katika kila kumi. Basi si ajabu walimu kuzihama haraka zaidi, na kila anayeondoka huenda na ujuzi wa watoto 25: nani hukaa na bibi, nani aliona vita, nani hawezi kuuona ubao na anaona haya kusema.

Walimu wa Chicago walilionyesha jambo hili wazi. Tarehe 4 Desemba 2018 walimu na wafanyakazi wa shule 15 za mkataba zinazoendeshwa na shirika la Acero waligoma, nao ukawa mgomo wa kwanza wa shule za mkataba katika historia ya Marekani. Walidai mishahara iliyo sawa na ya walimu wa mji, madarasa madogo zaidi, na kwamba shule isiwafungulie milango maafisa wa uhamiaji, kwa kuwa wengi wa wanafunzi wao ni watoto wa familia zenye asili ya Amerika ya Kilatini. Kabla juma halijatimia wakashinda. Lakini hadithi haikuishia hapo. Oktoba 2024 shirika hilo lilitangaza kuwa litazifunga shule saba kati ya 15, likitaja upungufu wa watoto na wa fedha. Wazazi na walimu wakapiga kelele, na halmashauri ya elimu ya mji ikaamua kuziokoa tano. Mkataba wa kazi waliopata walimu kwa mgomo ulikuwa mzuri. Walakini mkataba wa kazi haumzai mtoto wala hauzuii familia kuhama mji kwa ughali wa nyumba.

Sasa tuzitazame sura za watoto wenyewe. Kwa Marekani nzima, wanafunzi wa shule za mkataba hawafanani na wa shule za kawaida. Katika mwaka 2021 Weusi walikuwa karibu robo ya wanafunzi wa shule za mkataba, na katika shule za kawaida kama mmoja kwa saba. Wenye asili ya Amerika ya Kilatini walikuwa zaidi ya theluthi, na Wazungu chini ya theluthi, ilhali katika shule za kawaida Wazungu walikaribia nusu. Hizi ni shule za miji, na hasa za watu ambao shule za miji ziliwaangusha.

Lakini hesabu hizi zikishuka mpaka shule moja ndogo huanza kucheza. Katika shule ya watoto 150, nyumba moja yenye watoto wanne ikihama, asilimia hubadilika karibu tatu kwa siku moja, na gazeti la mtaani huweza kuandika kuwa sura ya shule imegeuka. Tena kundi likiwa dogo sana, mara nyingi chini ya watoto 10, taarifa rasmi huficha idadi yake ili mtoto asijulikane. Ni jambo la heshima. Lakini maana yake ni kwamba katika shule ndogo wanyonge kabisa, kama mtoto mwenye ulemavu au yule aliyewasili juzi, ndio wasioonekana katika karatasi.

Liko na jambo la kisanduku. Fomu ya serikali ya Marekani ina kisanduku kimoja cha Mweusi au Mmarekani mwenye asili ya Afrika. Humo huingizwa binti aliyezaliwa na mkimbizi wa Kismayu, aliyeanza kujifunza Kiingereza mwaka jana, pamoja na binti ambaye mababu zake walifikishwa Virginia kwa minyororo zaidi ya miaka mia tatu iliyopita na ambaye hana lugha nyingine ila Kiingereza. Wanahitaji walimu wa namna mbili, na hesabu inasema ni kitu kimoja.

Umaskini nao una kisanduku chake. Kwa miaka mingi shule za Marekani ziliwahesabu maskini kwa fomu za chakula cha mchana: mzazi huandika kipato chake, na mtoto wake hula bure au kwa bei iliyopunguzwa, na idadi ya fomu hizo ndiyo iliyoongeza fedha za shule zenye maskini wengi. Mwaka 2023 Minnesota ilipitisha sheria ya kumlisha kila mtoto shuleni bila malipo. Sheria njema, na sisi twaipongeza. Lakini mzazi asiyelazimika kujaza fomu ili mtoto ale, hajazi. Na fomu zilipopungua, maskini walipungua karatasini ingawa hawakupungua mtaani, na fedha zilizofuata fomu zikawa mashakani, hata jimbo likalazimika kuwatafuta maskini kwa njia nyingine, kwa kutazama majina yaliyomo katika orodha za misaada ya serikali. Mkimbizi anayeogopa kuandikisha jina lake popote hayumo katika orodha zote mbili.

Twafika kwenye jambo zito kuliko yote, nalo ni ubaguzi. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilihukumu kuwa kuwatenga watoto kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Basi zipo leo Minnesota shule za mkataba ambazo karibu watoto wote ni Wasomali, na nyingine ambazo karibu wote ni Wahmong, watu waliokimbia Laos baada ya vita vya Indochina. Na zipo pia ambazo karibu wote ni Wazungu. Mwaka 2015 wazazi kadhaa walilishtaki jimbo, katika kesi iitwayo Cruz-Guzman, wakidai kuwa watoto wao wamenyimwa elimu ya kutosha kwa kutengwa, na mojawapo ya malalamiko yao ni kwamba shule za mkataba zimesamehewa kanuni za kuchanganya watoto. Mahakama kuu ya jimbo iliamua mwaka 2018 kuwa kesi ina haki ya kusikilizwa. Desemba 2023 ikaamua tena: kutokuwa na uwiano wa rangi peke yake si kosa la kikatiba, ila wazazi wakithibitisha kuwa hali hiyo inachangia pakubwa watoto kukosa elimu ya kutosha, hapo jimbo lina la kujibu.

Wazazi wengine walisimama upande wa shule zao, na hoja yao haifai kudharauliwa. Husema: hatukutengwa, tumekusanyika. Katika shule ya wilaya binti yetu alichekwa kwa ushungi wake. Hapa mwalimu msaidizi anasema lugha yake, chakula hakina shaka, na mama asiyejua Kiingereza akiingia ofisini hupata mtu wa kumjibu. Twaona wanasema kweli. Mtu aliyefungiwa nje na mtu aliyejifungia ndani kwa hofu ya waliopo nje si hali moja, ijapokuwa takwimu huziandika kwa namba ile ile. Lakini sisi tungewauliza swali moja ndugu hawa: hao walimu wanaosema lugha ya mtoto, kwa nini wasiwemo katika shule za wilaya, wakiwa na mishahara ya wilaya na ulinzi wa chama chao? Kwa nini wema huu uwe wa kutafutwa pembeni, katika nyumba ya kupanga, kwa mkataba wa miaka mitano? Jimbo lililoweza kulipa kodi ya jengo la pembeni lingeweza pia kumwajiri msaidizi mwenye kusema Kisomali katika kila shule yenye watoto wa Kisomali. Kuwaachia wazazi wajitafutie kimbilio, kisha kuliita kimbilio hilo uhuru wa kuchagua, ni njia nyepesi mno ya serikali kujiondolea wajibu wake.

Wala tusisahau wazazi hawa ni wafanyakazi. Wengi wako katika viwanda vya nyama, katika nyumba za kutunzia wazee, katika teksi na maghala. Mwezi ule ule wa Desemba 2018, siku chache baada ya mgomo wa walimu wa Chicago, wafanyakazi wa ghala la Amazon la Shakopee karibu na Minneapolis, wengi wao wakitoka Afrika ya Mashariki, waliacha kazi na kutoka nje katika baridi kudai kasi ya kazi ipunguzwe na wapate nafasi ya kusali. Mtu anayefanya zamu ya usiku huchagua shule kwa saa ya basi kabla ya kuichagua kwa matokeo ya mitihani. Zamu ikibadilishwa, mtoto hubadilishwa shule. Kwa njia hiyo amri ya msimamizi wa ghala huweza kumwondolea kazi mwalimu asiyemjua.

Na zipo amri za juu zaidi. Januari 2025 serikali ya Rais Trump ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi, na Juni mwaka huo ikawazuia raia wa Somalia, pamoja na wa nchi nyingine kadhaa, kuingia Marekani. Shule iliyojengwa kwa kuwapokea wageni hutegemea wageni waje. Ongeza juu ya hayo kwamba uzazi wa Marekani umekuwa ukipungua tangu mwaka 2007. Kwamba shule za umma zilipoteza zaidi ya watoto milioni moja kati ya mwaka 2019 na 2020 wakati wa ugonjwa wa korona. Na kwamba fedha za msaada wa wakati huo, karibu dola bilioni 190 kwa shule zote, zilifikia kikomo cha kutumiwa Septemba 2024. Fedha hizo zilikuwa zimeziba matundu mengi. Shule zenye watoto 1,000 zaliona pengo lake kwa kuudhika. Zenye 150 zaliona kwa kutetemeka.

Watetezi wa mpango huu husema hatari hii ndiyo dawa: shule ikijua kuwa inaweza kufa, itafundisha kwa bidii. Ushahidi haukubali wala haukatai moja kwa moja. Uchunguzi mkubwa wa kituo cha CREDO cha Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa asilimia 17 tu ya shule za mkataba ziliwashinda wenzao katika hesabu, asilimia 37 zilikuwa mbaya zaidi, na nyingine hazikuwa na tofauti. Ule wa mwaka 2023 ulionyesha wanafunzi wa shule za mkataba wakitangulia kidogo kwa wastani: kiasi cha siku 16 za masomo kwa mwaka katika kusoma, na siku 6 katika hesabu. Mwenye haki atakiri kuwa zimeendelea. Mwenye haki huyo huyo atauliza ni watoto wangapi walivurugwa katika zile zilizofungwa njiani, maana wastani huimarika pia kwa dhaifu kuondolewa.

New Orleans ndiko mpango huu ulikopelekwa mpaka mwisho wake. Baada ya tufani ya Katrina, Agosti 2005, jimbo la Louisiana lilizitwaa shule nyingi za mji, na wafanyakazi zaidi ya 7,000 wa elimu walifukuzwa, wakiwamo maelfu ya walimu, wengi wao Weusi waliokuwa nguzo ya mitaa yao. Waliposhtaki, mahakama za chini ziliwapa haki, lakini Mahakama Kuu ya Louisiana ikawanyima mwaka 2014. Kabla ya tufani walimu saba kwa kila kumi walikuwa Weusi. Miaka kumi baadaye hawakufika nusu, ingawa watoto wengi mno walikuwa bado ni Weusi. Mji ulikuwa na wanafunzi kama 65,000 kabla ya maji, na idadi hiyo haikurudi tena. Basi shule nyingi zilizofunguliwa kwa mkataba zilibaki zikigombea watoto wachache.

Maoni yetu ni haya. Shule ndogo si kosa. Mtoto aliyeona vita hufaidi akijulikana kwa jina na kila mtu mzima aliye shuleni. Lililo kosa ni kuifanya hasara ya hesabu ibebwe na wale wawili wasio na nguvu, mwalimu na mzazi maskini. Jimbo linalotoa ruhusa ya kufungua shule ya watoto 150 limekubali kuwa pawe na madarasa sita. Basi na lilipe walimu sita, watoto wakiwa 150 au 138, kwa muda wote wa mkataba. Shule ikibidi kufungwa, ifungwe mwisho wa mwaka wa masomo, si katikati, na kila mtoto ajue mlango atakaoingia kabla ule wa kwanza haujafungwa. Walimu warudishiwe wingi wa viti katika halmashauri, kama sheria ya kwanza ilivyoagiza, na chama chao kisiwe kitu cha kunong'onezwa chumbani.

Yasemwa kuwa haya ni ghali. Lakini Agosti 2024 wilaya ya New Orleans yenyewe, baada ya miaka ya kuwakabidhi wengine kila shule, ilifungua shule inayoiendesha kwa mkono wake, ikaiita Leah Chase School kwa jina la mpishi mashuhuri wa mji huo. Mishahara ya walimu wake hulipwa na wilaya.